Kuutambua mvule porini na depo: namna ya kuutofautisha na mkuyu na jamaa zake wengine

Mvule ni ndugu wa mkuyu. Wako katika ukoo mmoja, Moraceae, pamoja na mforosadi, mfenesi na mshelisheli. Jina lake la kitaalamu ni Milicia excelsa, na ukikuta kitabu cha zamani kinachosema Chlorophora excelsa, ni mti uleule: jina la sasa lilikubaliwa mwaka 1982. Kwenye biashara ya mbao ya Kongo unaitwa kambala, vitabu vya Kifaransa vinauita iroko, na ukiingia depo za mbao za Bukavu, mashariki mwa Kongo, utausikia ukiitwa muvula. Majina manne, mti mmoja. Tatizo ni kinyume chake: jina moja kwa miti mingi. Mbao yoyote ya kahawia yenye njano kidogo hupewa jina la muvula na bei ya muvula. Porini nako mti wowote mrefu unaotoa maziwa huitwa hivyo na mtu aliyekuja haraka.

Ukoo huu una alama tatu zinazoonekana bila darubini: utomvu mweupe, majani yanayopishana kwenye kitawi (hayakai mawilimawili yakikabiliana), na chipukizi la ncha lililofunikwa na kiganda chenye ncha kali kinachodondoka jani likifunguka. Kiganda hicho wataalamu wanakiita stipuli. Mti ukiwa na hizo tatu, uko nyumbani kwa akina mkuyu. Kazi inayobaki ni kujua ni ndugu yupi, na kwa mvule kazi hiyo haimaliziki kwa alama moja. Inahitaji nne au tano zinazokubaliana.

Anza na mahali

Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na mvule ni mti wa nchi za chini. Kwa kawaida hauvuki mita 1,200 hadi 1,300. Kwa hiyo mtu akikuambia ameona mvule wa porini kwenye miteremko ya mlima Kahuzi, kule mianzi inakoanzia, mwombe akuletee kitawi kabla hujamwamini. Huko juu maziwa meupe karibu kila mara ni ya mkuyu wa aina fulani. Mvule unautafuta ukishateremka: njia ya Walikale kupitia Irangi na bonde la Luhoho, njia ya Shabunda, au upande wa Fizi.

Unapenda mwanga. Ndani ya msitu mnene hukaa mmoja mmoja, mbali na mwenzake. Utauona zaidi pembeni mwa msitu, kwenye mashamba ya zamani yaliyorudi kuwa kichaka, au ukiwa umesimama peke yake katikati ya mihogo kwa sababu mwenye shamba aliuacha.

Kabla ya kuingia, jitambulishe kwa chifu wa kijiji na uongozane na mtu wa pale. Ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega usichume hata jani bila kibali cha ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira. Na swali la kwanza kwa mzee wa kijiji lisiwe "Huu ni mvule?", kwa kuwa heshima itamfanya akujibu ndiyo. Uliza: "Papa, huu muti munauitaka namna gani? Na munaufanyiaka nini?" Andika jina kama alivyolitamka, na uandike ni la lugha gani: Kirega, Kitembo, Kibembe, Mashi. Jina bila lugha halina faida.

Vitu vya kubeba

Kisu kikali au panga ndogo. Mita ya chuma ya 5 m au kamba isiyovutika. Lenzi ya kukuza mara 10. Jumeli (darubini ya macho mawili) kama zipo. Karatasi nyeupe kadhaa. Penseli (wino wa kalamu unayeyuka mvua ikinyesha). Magazeti ya zamani. Simu yenye chaji. Jumeli zinaweza kukosekana, lenzi isikosekane.

Hatua ya 1: simama mbali

Usikimbilie shina. Simama mita 30 au 40 kutoka kwenye mti utazame umbo lake. Mvule mzima una shina lililonyooka kama nguzo, la mviringo, bila tawi hadi mita 20 na zaidi. Mti wote unaweza kufika mita 50, na kipenyo cha shina kufika mita 2. Juu yake matawi makubwa ni machache na manene, na kilele kimetandazwa kama mwavuli. Vijiti vya mwisho mara nyingi huning'inia.

Chini, tazama mbawa za shina, yaani zile kuta za mizizi zinazopanda juu. Mvule ama hauna kabisa, ama una fupi na butu. Ukikuta mbawa ndefu, nyembamba, zinazosimama kama milango, anza kufikiria mti mwingine. Mizizi inayojitokeza juu ya ardhi kando ya shina ina ganda jekundu-jekundu au la rangi ya machungwa, lenye vinundu vya kupumulia. Ni alama nzuri ambayo wengi hupita wakiikanyaga.

Pima mzingo kwa urefu wa mita 1.30 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko, kisha ugawe kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 314 ni kipenyo cha mita moja. Kama mbawa zinapita kimo hicho, pima juu yake na uandike umepimia wapi.

Hatua ya 2: ganda na maziwa

Ganda la mti mchanga ni la kijivu hafifu. La mzee ni la kahawia au jeusi-jeusi, nene, na hubanduka vipande vidogo. Rangi ya ganda peke yake isikudanganye, maana kuvu na ukungu hubadilisha rangi ya mti wowote wa msitu wa mvua.

Kata kidonda kidogo, sentimita 3 kwa 3, kwa kimo cha kifua, upande mmoja tu, bila kuingia kwenye mbao. Ndani ya ganda la mvule utaona rangi ya malai yenye madoadoa ya kahawia au ya machungwa, kisha maziwa meupe yatatoka kwa wingi. Hapa ndipo watu wengi wanapomaliza kazi yao, na hapa ndipo wanapokosea. Mkuyu una maziwa. Ako (Antiaris toxicaria) una maziwa. Mshelisheli wa porini (Treculia africana) una maziwa. Swali la maana ni je, baada ya nusu saa maziwa hayo yako vipi?

Pakaza tone kwenye karatasi nyeupe, andika saa pembeni, endelea na hatua zinazofuata, kisha urudi kutazama. Maziwa ya ako huanza meupe au ya malai halafu yanageuka kahawia kama chai. Ya Treculia hugeuka mekundu ya kutu. Ukiona mabadiliko hayo, mvule umeshautoa kwenye orodha. Yakibaki meupe, bado unashindana na mikuyu. Asubuhi ni saa nzuri ya jaribio hili, kwani mchana wa jua kali na kiangazi maziwa hupungua na mti wenye maziwa unaweza kuonekana mkavu. Kidonda kisipotoa kitu, kata kikonyo cha jani bichi kabla ya kusema mti hauna utomvu. Usijipanguse usoni kwa mkono wenye maziwa, macho yatawasha.

Hatua ya 3: kitawi, mahali mkuyu unapojisaliti

Tafuta kitawi kibichi chenye ncha yake, si jani lililookotwa chini. Tumia ufito mrefu wenye ndoana, au tawi lililovunjwa na upepo ambalo bado lina majani na unaliona limetoka kwenye mti huo.

Shika kitawi karibu na ncha na ukizungushe polepole mbele ya macho, ukitazama pale kila jani linapoungana nacho. Kwenye mkuyu, stipuli ikidondoka huacha mstari unaozunguka kitawi chote kama pete kidoleni. Kila kifundo kina pete yake. Ukipitisha ukucha unaisikia. Kwenye mvule stipuli ziko mbili, kila moja upande wake, na kovu lake halifungi duara: huzunguka sehemu ya kitawi na kuishia hapo. Tofauti hii inaonekana kwa jicho, ila lenzi inakuondolea ubishi. Tazama vifundo vitano au sita, si kimoja, maana kifundo cha zamani hupasuka na kovu kupotea.

Ukiwa hapo, angalia pia kama majani yanapishana. Yakiwa mawilimawili yanayokabiliana, au mengi yakizunguka kifundo kimoja kama miale, umepotea ukoo mzima. Hayo ni ya akina Funtumia na Alstonia, nao pia wana maziwa meupe.

Hatua ya 4: jani, na kwa nini mvule una nyuso mbili

Jani la mvule mzima ni la umbo la yai refu, urefu sentimita 5 hadi 20, upana nusu yake hivi, ncha fupi iliyochongoka, na kikonyo cha sentimita 2.5 hadi 6. Kitako chake mara nyingi hakilingani pande mbili, kidogo kama moyo. Ukingo ni laini, bila meno.

Ligeuze. Mishipa ya pembeni inaonekana wazi, imenyanyuka, imenyooka na kwenda sambamba, jozi 10 hadi 22, na kila mshipa ukikaribia ukingo hujikunja juu na kuungana na wa mbele yake. Hesabu upande mmoja tu. Kisha weka lenzi kwenye vile vyumba vidogo kati ya mishipa midogo: kuna vinywele vifupi mno, kama vumbi jeupe. Pasipo lenzi utasema jani halina nywele, na ukifungua kitabu kinachosema lina nywele utadhani umekosea mti.

Sasa uso wa pili. Mvule mchanga, ule wa kimo cha mtu au wa nyumba ya ghorofa moja, una majani tofauti kabisa: makubwa, hata kupita sentimita 30, yenye nywele, yanayokwaruza kidogo, na ukingo wenye meno madogo kama msumeno. Mtu aliyezoea mti mzima ataukataa mche, na aliyezoea mche wa kitalu ataukataa mti mzima. Hata kwenye mti mmoja, machipukizi yanayoota kutoka kwenye kisiki au shina lililokatwa hurudia uso wa utotoni. Ndiyo maana katika daftari unaandika jani limetoka wapi: kilele, tawi la chini, au chipukizi la kisiki.

Na kuna majuma mvule hauna jani hata moja. Ni mti unaopukutisha. Ukiukuta hivyo kiangazi, fanya hatua ya 1, 2 na 6, weka alama ya GPS, urudi mvua ikianza, kwa kuwa majani mapya na maua huja pamoja.

Hatua ya 5: maua na tunda

Kama una bahati ya kufika wakati huo, hapa ndipo ushahidi usio na ubishi. Mvule una jinsia: kuna mti dume na mti jike. Dume hutoa mikia myembamba meupe inayoning'inia, sentimita 10 hadi 20, nayo ikikomaa hudondoka na kutapakaa chini kama minyoo. Jike hutoa mikia mifupi, minene, ya kijani, yenye vinyuzi vinavyochomoza pande zote. Tunda lake ni kama la mforosadi lililorefushwa, au kama kiwavi mnene: sentimita 5 hadi 7 kwa urefu, 2 hivi kwa unene, lenye mikunjo, na hubaki kijani hata likiiva. Popo wa matunda (Eidolon helvum) wanayapenda sana na ndio wasambazaji wakubwa wa mbegu. Mbegu yenyewe ina milimita 2 tu. Ukifika asubuhi ukakuta matunda yaliyotafunwa chini, walikuwepo usiku.

Mkuyu hauna mkia wowote. Maua yake yamefungwa ndani ya kile kinachoitwa tunda: pasua moja utaona chumba chenye vimaua vingi ndani na tundu dogo kwenye ncha. Chini ya mti mmoja, kuokota kimoja kati ya hivi viwili kunamaliza mjadala. Hakikisha tu kimedondoka kutoka kwenye mti huo. Mikuyu-minyongaji huota juu ya miti mingine, na kikuyu kinaweza kuanguka kutoka kwa mpangaji, mwenye nyumba akiwa mvule.

Hatua ya 6: mawe chini ya mti

Mvule una tabia ya ajabu. Unakusanya chokaa. Ndani ya shina, hasa penye jeraha la zamani au uwazi, kuna mawe meupe au ya kijivu, mengine madogo kama harage, mengine makubwa kama ngumi. Udongo chini ya mti nao huongezeka chokaa na asidi yake kupungua. Hilo limepimwa Kameruni na Kodivaa. Ukiona donge gumu jeupe kwenye kisiki au kwenye ufa, lipondeponde na udondoshee maji ya ndimu au siki. Povu dogo likitoka, ni chokaa. Jiwe lisipokuwepo haithibitishi chochote, maana si kila mvule una mawe.

Jamaa wanaowachanganya watu

Ako ndiye anayedanganya zaidi, kwa kuwa jani lake nalo linapishana, lina kitako kisicholingana, na akiwa mchanga lina meno. Mambo manne yanamtoa: jani linakwaruza mkono kama msasa hafifu hata kwenye mti mzima, ganda ni laini la kijivu-jivu hafifu, maziwa hugeuka kahawia, na tunda ni jekundu, la mviringo, lenye manyoya laini, sentimita 1 hadi 1.5. Mbao yake ni nyeupe na nyepesi, na hupata madoa ya kuvu siku chache tu baada ya kukatwa ikiachwa mbichi.

Treculia ni rahisi. Jani ni la ngozi, linang'aa, na mara nyingi linapita sentimita 30. Tunda ni mpira mkubwa unaoota moja kwa moja kwenye shina na matawi manene, na unaweza kupita kilo 10. Usilale chini yake.

Mforosadi wa msituni, Morus mesozygia, una jani lenye meno na mishipa mitatu mikuu inayoanzia pamoja kwenye kitako, kama vidole vitatu. Mvule una mshipa mmoja mkuu wa katikati.

Mikuyu yenyewe ni mingi. Ule unaopandwa kwenye boma, ambao jirani zetu wa Kinyarwanda wanauita umuvumu, ni Ficus thonningii. Yote ina pete, na pete inatosha.

Vitabu vya zamani viliweka parasolier (Musanga cecropioides) na Myrianthus kwenye ukoo huuhuu. Leo wamehamishiwa kwenye ukoo wa Urticaceae, na huna haja ya kuhangaika nao: majani yao yamegawanyika kama vidole vya mkono na hawatoi maziwa meupe. Myrianthus holstii ndiyo ile ambayo sokwe wa Kahuzi wanakula matunda yake.

Mche wa mvule

Anayetaka kupanda anunue kwa macho wazi, kwani mche wa mvule na wa ako unaweza kumchanganya hata mwenye kitalu. Pasua kikonyo, pakaza kwenye karatasi, subiri. Halafu tazama ncha na majani machanga: mche wa mvule karibu kila mara una vibonge vya kijani kama shanga zilizovimba. Ni kazi ya mdudu mdogo wa jenasi Phytolyma. Anataga mayai kwenye chipukizi, mtoto wake anajifungia ndani ya uvimbe, na uvimbe ukipasuka kuvu huingia, ncha inaoza na mche unakufa kuanzia juu kurudi chini. Kwa mtambuzi vibonge hivyo ni kama kitambulisho. Kwa mpandaji ni onyo: ndiyo sababu kubwa ya mashamba ya mvule mtupu kushindwa Afrika nzima, na ndiyo sababu mche wa mvule hupandwa ukiwa umechanganywa na miti mingine yenye kivuli chepesi.

Ukiwa depo, mbele ya mbao

Hapa hakuna jani wala maziwa. Usianze na rangi, maana depo zote zinajua kupaka mafuta machafu ya injini. Anza na kichwa cha mbao.

Chukua wembe mpya, lainisha eneo la sentimita mbili kwenye kichwa, paka mate au maji, weka lenzi. Mvule una vitundu vikubwa vinavyoonekana hata bila lenzi, na kila kitundu kimezungukwa na tishu hafifu, yenye mabawa kushoto na kulia. Mabawa ya kitundu kimoja hugusa ya jirani hadi yanakuwa mistari ya mawimbi. Ukigeukia upande bapa wa ubao, mistari hiyo inajitokeza kama michoro ya zigizaga ya rangi hafifu kwenye uwanja wa kahawia. Ukishaiona mara moja hutaisahau.

Kiini kibichi ni cha njano, kisha jua na hewa hukifanya kahawia ya dhahabu hadi kahawia nzito. Kwa hiyo kwaruza: chini ya ngozi ya kahawia uone njano-kahawia. Sehemu ya nje ya gogo, obie, ni nyeupe-njano na upana wake ni sentimita 5 hadi 8; wadudu wanaila, kwa hiyo ubao wenye obie nyingi si wa kutengenezea mlango hata kama ni mvule halali.

Kisha pima uzito. Mwombe fundi akukatie kipande kikavu cha sentimita 10 × 5 × 2, yaani sentimita za ujazo 100. Mizani ya mnunuzi wa dhahabu inafaa kabisa, na Bukavu haziko mbali. Mvule mkavu utakuwa gramu 60 hadi 70, wakati mwingine kidogo chini au juu. Ako ni kama 40 hadi 45. Afzelia, mti mwingine wa mbao ngumu, ni kama 75 hadi 85, na vitundu vyake vina unga wa njano unaotia doa kitambaa chenye unyevu. Kipande kibichi kinaharibu hesabu yote. Kiache kikauke ndani ya nyumba wiki mbili au tatu, au kipime kila siku mbili hadi uzito uache kushuka.

Mbao za mikaratusi na za grevilea za mashamba ya Kabare na Walungu nazo hupakwa rangi na kusimamishwa kwenye safu ya muvula. Grevilea inajulikana kwa mapambo yake ya magamba yanayong'aa kwenye ubao uliopasuliwa kuelekea moyo wa gogo. Mikaratusi ukiitazama kwenye kichwa, vitundu vyake vimepangwa mshazari na havina mabawa yale.

Fundi anayepasua mvule avae barakoa na afunike mikono. Vumbi lake linawasha ngozi, linaziba pua, na kwa wengine huleta pumu. Msumeno ukitoa cheche katikati ya gogo safi lisilo na msumari, umegonga jiwe la chokaa. Ni hasara kwa meno ya tronsonezi (msumeno wa mota), lakini kama ulikuwa bado na shaka juu ya mti, punguza shaka hiyo.

Sampuli ya kuthibitisha

Ukibaki na mashaka, usibishane, kausha kitawi. Kata vitawi vitatu vya sentimita 30 hivi kutoka mti mmoja, kila kimoja kikiwa na ncha, majani yaliyokomaa, na ua au tunda kama lipo. Vitandaze ndani ya gazeti, na jani moja angalau uligeuze ili mgongo uonekane. Weka katoni kati ya magazeti, funga kwa kamba kati ya mbao mbili, kaza hadi kitu kisicheze.

Msimu wa mvua badilisha magazeti kila siku, mara mbili siku ya kwanza. Ukikaushia juu ya mbabula (jiko la makaa), acha nafasi ya sentimita 60 au zaidi na makaa yawe yamepungua. Mkono wako uweze kukaa pale bila kuungua. Moto mkali huokea majani yakawa meusi, na vile vinywele vya lenzi vinaungua. Jani la mti wenye maziwa pia hupenda kudondoka kwenye kikonyo likikauka polepole. Kuzuia hilo, lowanisha fungu lote kwa alkoli ya duka la dawa ya asilimia 70 ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabla ya kukausha. Hapo litabaki limeshika, ila rangi itapotea, kwa hiyo piga picha kwanza.

Kwenye lebo andika kwa penseli: tarehe, kijiji na teritwari, GPS na mwinuko, kipenyo, rangi ya ganda ndani, rangi ya maziwa yakitoka na baada ya dakika 30, jinsia kama umeona maua, jina la kienyeji na lugha yake. Hayo ya maziwa na ganda hayaonekani tena kwenye sampuli kavu. Usipoyaandika pale chini ya mti, hakuna atakayeyajua.

Kutoka Bukavu, hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya karibu ni ya kituo cha utafiti cha Lwiro, teritwari ya Kabare. Peleka nakala moja, baki na moja, na ya tatu mwachie aliyekuongoza kijijini pamoja na jina mtakalopewa, maana mwaka kesho yeye ndiye atakayeulizwa huo mti ni mti gani.